Je, wajua kirusi cha tetekuwanga kinaweza kueleza ulikulia wapi?

Mzee ana miaka 70. Alizaliwa Bangladesh, akahamia London akiwa kijana, na tangu hapo amekuwa mtu wa London. Siku moja ubavu wa kushoto unaanza kumchoma kama amemwagiwa maji ya moto. Baada ya siku chache yanatoka malengelenge yaliyojipanga upande mmoja tu, kutoka mgongoni kuzunguka hadi kifuani. Ni mkanda wa jeshi. Maji ya lengelenge moja yakipelekwa maabara na vinasaba vya kirusi vikasomwa, huenda kikaonekana kirusi cha aina inayopatikana sana Asia ya Kusini na Afrika, tofauti na kile kilichozoeleka kwa watoto wa Kiingereza wanaougua tetekuwanga mwaka huohuo.

Mzee huyu nimemtunga, lakini jambo lenyewe si hadithi. Watafiti wa London waliliona kwa wagonjwa halisi: mkanda wa jeshi wa wahamiaji ulielekea kufanana na nchi walikokulia, wakati tetekuwanga ya watoto ilionyesha kinachozunguka mtaani sasa hivi.

Inakuwaje? Ni kwa sababu magonjwa haya mawili ni kirusi kimoja katika nyakati mbili za maisha. Mtoto akipata tetekuwanga anapona, upele unakauka, lakini kirusi hakiondoki. Kinapanda kupitia neva za ngozi na kujificha kwenye mafundo ya neva yaliyo kando ya uti wa mgongo na mengine ya kichwani. Humo kinalala miaka 30, 50, hata 70. Kinga ikilegea kwa uzee, maradhi au dawa, kinaamka na kushuka kwenye neva moja hadi ngozini. Ndiyo maana upele hufuata mstari wa neva hiyo na mara nyingi hauvuki katikati ya mwili.

Madaktari walichukua muda mrefu kulikubali hilo. Mwishoni mwa karne ya 19 daktari wa Hungary, János Bókay, aliona watoto wanapata tetekuwanga baada ya kukaa karibu na mtu mwenye mkanda wa jeshi. Katika miaka ya 1950 Mmarekani Thomas Weller alikuza maabarani kirusi kutoka magonjwa yote mawili, asione tofauti. Mwaka 1965 Edgar Hope-Simpson, daktari wa kawaida wa familia katika mji mdogo wa Cirencester nchini Uingereza, akaeleza kwa hoja nzito kwamba mkanda wa jeshi ni tetekuwanga ya zamani iliyoamka, baada ya kufuatilia wagonjwa wake mwenyewe kwa miaka 16. Napenda kisa hiki kwa sababu hakikuhitaji mashine yoyote, kilihitaji daftari na subira. Uthibitisho wa vinasaba ulikuja 1984, watafiti wa Marekani walipolinganisha kirusi cha mgonjwa mmoja alipougua tetekuwanga na kile kilichomtokea baadaye kama mkanda wa jeshi. Kilikuwa kilekile.

Kwa hiyo lengelenge la mzee ni kama barua iliyofungwa utotoni na kufunguliwa uzeeni. Ili kuisoma, lazima ujue maandishi ya virusi vya sehemu moja yanatofautianaje na ya sehemu nyingine, na hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu, maana tofauti ni ndogo mno.

DNA ya kirusi hiki, yaani maandishi yake ya urithi, ina herufi karibu 125,000 na jeni (sehemu zenye maagizo) zipatazo 70. Yote ilisomwa kwa mara ya kwanza mwaka 1986 na Andrew Davison na James Scott wa Glasgow, wakitumia sampuli iitwayo Dumas iliyotoka Uholanzi. Ukichukua virusi viwili kutoka mabara mawili na kuvilinganisha herufi kwa herufi, kwa kawaida utakuta tofauti zisizofika 2 katika kila herufi 1,000. Kirusi cha mafua kingecheka. Mafua hunakili vinasaba vyake kwa haraka na kwa makosa mengi, ndiyo maana chanjo yake hubadilishwa mara kwa mara. Kirusi cha tetekuwanga kina kimeng'enya, yaani protini inayofanya kazi maalumu, kinachohakiki nakala na kurekebisha makosa. Zaidi ya hapo, kinalala. Kirusi kilichojificha kwenye fundo la neva kwa nusu karne hakijinakili, kwa hiyo hakikosei. Kikiamka na kumwambukiza mjukuu, kimeruka miaka 50 bila kubadilika.

Usingizi huu umekipa faida nyingine. Surua ikiingia kisiwa chenye watu wachache huwaambukiza wote wasio na kinga kisha hutoweka, kwani haina pa kujificha. Ili iendelee bila kuletwa upya inahitaji jamii ya watu laki kadhaa. Tetekuwanga inaweza kudumu katika kundi dogo sana. Inangoja ndani ya bibi hadi wazaliwe watoto wengine. Kundi la wawindaji waliohama na kupotezana na wenzao kwa vizazi vingi lingeweza kubeba kirusi chake kama lilivyobeba lugha yake, na kila kundi polepole likapata cha kwake.

Hapo zamani aina zilitambuliwa kwa vimeng'enya vinavyokata DNA. Kila kimeng'enya hukata mahali penye mfuatano fulani tu wa herufi, hivyo herufi moja ikibadilika, mkato haupo, au unatokea mpya. Alama mbili zilitumika sana, moja kwenye jeni ya 38 na nyingine kwenye jeni ya 54. Virusi vingi vya Ulaya havikatwi kwenye ile ya 54. Vingi vya Afrika na Asia hukatwa. Baadaye maabara zikaanza kusoma vipande vya jeni moja kwa moja, hasa jeni ya 22, na siku hizi DNA nzima husomwa kutoka kwenye kijiti cha pamba chenye majimaji ya lengelenge au hata gamba lililokauka.

Tatizo likawa majina. Kundi moja la watafiti liliita aina zake kwa herufi A, B, C, D. Jingine likatumia E kwa Ulaya, J kwa Japani na M kwa zile za mchanganyiko. Ukisoma makala mbili hukujua kama zinazungumzia kitu kimoja. Julai 2008 walikutana London wakakubaliana kila aina iitwe ukoo, na koo hizo ziwe na namba: 1 hadi 5 zilizothibitishwa, na nyingine zilizopewa namba za Kirumi kwa muda, kama mwanafunzi anayesubiri matokeo, hadi ushahidi utoshe.

Ukoo wa 1 na wa 3 ndio unaotawala Ulaya na nchi zilizohamiwa sana na Wazungu, kama Marekani na Australia. Ukoo wa 2 ni wa Japani na Asia ya Mashariki. Ukoo wa 5 ndio ulioenea Afrika, na unapatikana pia Asia ya Kusini. Wa 4 hauna makao ya wazi kama hizo nyingine. Mipaka hii haina ukuta. Ndege zimeivuruga, na katika miji mikubwa yenye wageni wengi karibu koo zote hukutana.

Zinapokutana ndani ya mtu mmoja, zinaweza kubadilishana vipande vya DNA. Baadhi ya koo zilizopo leo zinaonyesha dalili za kuzaliwa hivyo, sehemu ikifanana na ukoo huu, sehemu na ule. Jambo hili linawasumbua wanaotaka kuchora mti wa nasaba, kwa sababu mti unadhani kila tawi lina shina moja. Wengi huona asili ya kirusi ni Afrika na kwamba kilisambaa na binadamu walipotoka humo, lakini miaka kamili hutegemea unavyokadiria kasi ya mabadiliko, na kukadiria kasi ya kitu kinacholala nusu ya maisha yake ni mtihani.

Kuna fumbo jingine linalohusu ramani hiyo. Katika nchi za baridi, pasipo na chanjo, karibu kila mtu huugua tetekuwanga utotoni. Katika nchi nyingi za kitropiki, watu wengi hufika utu uzima bila kuipata, kisha huipata wakubwa, wakati ambapo huwa kali zaidi. Mwaka 2011 Philip Rice wa Uingereza alipendekeza kuwa miale ya urujuanimno ya jua huua kirusi kilicho kwenye malengelenge kabla hakijamfikia mtu mwingine, na kwamba koo za tropiki zilijengeka chini ya jua hilo. Dhana inavutia. Ila jua kali, joto na namna watu wanavyoishi huenda pamoja, na kutenganisha mchango wa kila kimoja si rahisi. Pia mtu asidhani kwamba ukoo fulani ni mkali kuliko mwingine, hilo halijathibitika. Kwa kinga ya mwili, koo zote ni adui mmoja, na chanjo moja hufanya kazi dhidi ya zote.

Chanjo hiyo ndiyo inayofanya upimaji wa koo uwe wa manufaa hospitalini. Ilitengenezwa na Michiaki Takahashi wa Japani, ambaye mwanawe aliugua tetekuwanga vibaya mwaka 1964 familia ilipokuwa Texas. Alichukua kirusi cha mtoto mmoja wa Kijapani, akakidhoofisha kwa kukikuza mara nyingi kwenye seli za binadamu na za simbilisi, na mwaka 1974 akatangaza matokeo. Aina hiyo inaitwa Oka, na ni ya ukoo wa 2. Mtoto wa Ulaya akipata upele wiki chache baada ya chanjo, maabara inaweza kusema kama ni kirusi cha mtaani au cha chanjo: ukoo wa 1 au wa 3 unaashiria mtaa, wa 2 unaelekeza kwenye chanjo. Huko Japani kwenyewe ukoo hausaidii, kwa kuwa cha mtaani nacho ni wa 2. Inabidi kutafuta herufi chache, nyingi zikiwa kwenye jeni ya 62, zilizobadilika kirusi kilipodhoofishwa.

Marekani ilianza kuitumia chanjo hiyo kwa watoto mwaka 1995. Kirusi cha Oka nacho huweza kulala kwenye neva, na huamka mara chache kuliko cha asili. Waliochanjwa wakati huo wakiwa na mwaka mmoja watafika miaka 70 takriban mwaka 2064. Mmoja wao akitokwa na mkanda wa jeshi siku hiyo, awe hajawahi kutoka Chicago maisha yake yote, huenda majibu ya maabara yakasema Japani.