Je, wajua kwa nini neno run la Kiingereza lina maana zaidi ya 600?

Mwanafunzi wa kidato cha kwanza Dodoma, aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, anajua kwamba run ni kukimbia. Halafu anafungua kitabu na kukuta pua ya mtoto nayo inakimbia, bomba la maji linakimbia, kitenge kikifuliwa rangi yake inakimbia, na anayeutaka ubunge naye anakimbia. Sisi tungesema kamasi zinamtoka, maji yanatiririka, rangi inachuja, mtu anagombea.

Wahariri wa kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford walipolipitia upya neno hilo, walipata maana 645 za kitenzi peke yake. Habari hizo zilitangazwa mwaka 2011. Toleo la kwanza la kamusi hiyo lilipokamilika mwaka 1928, bingwa alikuwa neno jingine fupi, set.

Kwa nini run limebeba mzigo wote huo? Ni neno la kale, na tangu Kiingereza cha zamani lilimhusu mtu anayekimbia na pia maji yanayotiririka. Kiini chake ni mwendo usiokatika, kwa hiyo kila kitu kipya chenye mwendo kililichukua. Mitambo ya mvuke ilipokuja, ikaambiwa inakimbia hata kama imefungwa palepale kiwandani. Yakafuata magari, kisha programu za kompyuta. Treni ya umeme ya Dar es Salaam hadi Dodoma, Mwingereza huitumia run akitaka kusema tu kwamba safari zake zipo. Kusimamia duka nako ni run, kama sisi tulivyochukua kwenda tukapata kuendesha: gari, duka, hata kesi.

Tena sisi tuna kupiga. Tunapiga simu, pasi, picha, kura, mswaki, magoti, hata chafya. Mtoto wa Majengo hachanganyikiwi, kwa sababu neno linalofuata humpa maana papo hapo. Ndiyo maana inaniuma kuona wanafunzi wanakaririshwa run kwa maana moja, kisha mtihani unawakwamisha. Wafundishwe kutazama nani anatenda na neno gani linafuata: sukari ikiisha dukani ni run out, ukikutana na rafiki bila kutarajia pale Sabasaba ni run into, na gari likimkanyaga kuku ni run over.