Selimundu: "mmoja kati ya wanne" si zamu

Jeni ni nini?
Ni maelekezo ya kuujenga na kuuendesha mwili, yaliyomo ndani ya seli. Yamepangwa kwenye kromosomu 46, yaani jozi 23: nusu kutoka kwa mama, nusu kutoka kwa baba. Ndiyo maana karibu kila jeni unayo nakala mbili.

Selimundu inarithiwaje?
Ni ugonjwa ambao seli nyekundu za damu hujikunja kama mundu. Inatokana na jeni ya himoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu. Mwenye nakala mbili nzima ni AA. Mwenye moja nzima na moja yenye kasoro ni AS: ni mbebaji tu, si mgonjwa. Mwenye mbili zenye kasoro ni SS, na huyo ndiye anayeumwa. Herufi hizi hazihusiani kabisa na makundi ya damu. Kila mara namsikia mtu akisema "mimi ni O, sina shida hiyo", na kila mara naanza upya.

Sisi wote ni wazima. Mtoto kaupata wapi?
Kwenu wote wawili. AS wawili wakizaa, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25, yaani mmoja kati ya wanne, wa mtoto SS, 50 wa AS na 25 wa AA. Tafadhali, mama asirushiwe lawama. Nakala moja ni ya baba.

Tumeshapata mgonjwa mmoja. Basi watatu wanaofuata watakuwa salama?
Hapana. Hapana kabisa. Hiyo si foleni kwamba mmoja akishapita wengine wamenusurika. Kila mimba inaanza hesabu yake upya, haijui aliyetangulia alikuwa nani. Nimeona nyumba yenye watoto wawili SS waliofuatana, na wazazi wakishangaa kwa sababu waliamini "zamu" ilikuwa imekwisha.

Lakini kwa jirani imekuwa hivyohivyo, mmoja tu.
Ni bahati yake. Wewe bado una asilimia 25 ileile, hata mimba ya tano, hata ya sita.

Mbona unalishikilia sana jambo hili?
Kwa sababu anayeamini zamu hampimi mtoto anayefuata. Mtoto SS huzaliwa akiwa na himoglobini aliyokuwa nayo tumboni mwa mama, inayomkinga kwa miezi ya mwanzo, hivyo ananenepa na kucheza. Ikipungua, vidole vinavimba, analia akiguswa, na nyumbani anakandwa na kupakwa dawa za kuchua wiki nzima. Ninapompokea, viganja vimekuwa vyeupe, bandama limejaa, homa inawaka. Angejulikana mapema angeanzishiwa penisilini ya kinga tangu umri wa miezi miwili hivi, na wazazi wangejua kwamba kwa mtoto SS homa ni safari ya hospitali saa ileile, usiku au mchana, si ya kusubiri kupambazuke.

Tupime kipimo gani?
Ombeni kinachotaja AA, AS au SS. Kile cha haraka cha kuangalia kama seli zinajikunja hakitofautishi mbebaji na mgonjwa, na kwa mtoto mchanga kinaweza kusema hana kumbe anao.

Wetu wa nne naye apimwe? Anaonekana mzima kabisa.
Apimwe. Ana miezi mingapi? Kama hajafikisha sita, kuonekana mzima hakujathibitisha chochote.