Nchi ikijitoa kwenye jumuiya, mpaka unafungwa?

Pale Manyovu, mpakani mwa Kigoma na Burundi, mama mmoja wa Kiha alikuwa mbele yangu kwenye foleni ya uhamiaji, dumu la mawese miguuni, mkononi hati ya dharura ya safari iliyokunjwa mara nne mpaka mikunjo imeanza kuachia. "Hivi hawa wenzetu wakijitoa Afrika Mashariki," akauliza, "si ndo basi tena?" Kila mtu akawa na jibu lake, na mengi yalikuwa ya kijiweni.

Dhana: Wakitangaza leo, kesho geti linashushwa.
Kujitoa kuna ngazi zake. Mkataba wa Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki, ibara ya 145, unataka theluthi mbili ya wabunge wote wakubali, kisha notisi ya miezi 12. Waingereza walipiga kura ya kujitoa Umoja wa Ulaya Juni 2016, lakini uhuru wao wa kwenda kuishi popote humo ulikoma mwisho wa Desemba 2020.

Dhana: Jumuiya ikifa, uhuru wa kutembea nao unazikwa.
Wazee wana sababu ya kuogopa. Jumuiya ya kwanza ilivunjika 1977, na mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi 1983. Ila ulifungwa na ugomvi wa serikali mbili. Mkataba kuvunjika peke yake haufungi njia. Tazama Mali, Niger na Burkina Faso: zimetoka ECOWAS, jumuiya ya Afrika Magharibi, tarehe 29 Januari 2025, na siku hiyohiyo ECOWAS ikaziagiza nchi zake ziendelee kuwapokea raia wa hizo tatu bila viza. Norway na Uswisi hazimo kabisa katika Umoja wa Ulaya, lakini kwa mikataba yao ya pembeni watu wao wanaishi na kufanya kazi humo.

Dhana: Waliokwisha kuhamia watarudishwa kwao.
Hii ndiyo inayowanyima watu usingizi. Uingereza haikuwafukuza raia wa Umoja wa Ulaya waliokuwa wakiishi kwake kabla ya 2021, lakini iliwataka waombe upya hadhi ya ukaazi, mwisho 30 Juni 2021. Hata aliyekaa miongo mitatu na kulipa kodi, kuishi tu hakukumtosha. Waireland ndio hawakuhitaji, kwa kuwa wana mapatano yao na Uingereza tangu miaka ya 1920. Haki ilikuwepo, ila ilimfuata mwenye karatasi. Sasa fikiria ndoa zetu za Kiha na Kirundi, nyingine zimefungwa kwa mahari na ushahidi wa majirani tu.

Dhana: Tukiwa ndani, mtu anaishi atakapo.
Hapana. Soko la Pamoja la Jumuiya, tangu Julai 2010, linampa raia kuingia bila viza, na anapewa pasi ya kukaa hadi miezi sita. Kazi ina kibali chake.

Zamu ya mama ikafika. Mumewe, kumbe, ni wa ng'ambo ya mpaka.

"Cheti cha ndoa mnacho?" nikamuuliza.

"Tuna watoto watano," akasema, akajitwika dumu lake.