Je, wajua? Si kila kinundu kwenye mzizi wa soya ni cha heri

Kama kuna somo moja ambalo kila mkulima wa soya amelisikia, ni hili: ukiona vinundu kwenye mizizi, furahi. Na ni kweli, maana ndani yake wanaishi bakteria wa rhizobia, wanaokamata naitrojeni ya hewani na kuulisha mmea. Lakini yapo pia mafundo yanayofanana navyo, yanayoletwa na minyoo fundo, minyoo wadogo mno wa udongoni wanaoshambulia mizizi.

Sasa tuseme uko Kilolo, mkoani Iringa, mwezi wa Machi, kwenye robo eka iliyokuwa na nyanya msimu uliopita. Soya imetoka mabaka mabaka. Hapa imestawi, hatua tano mbele imedumaa, majani ya njano, na saa saba mchana inanyauka ilhali udongo una unyevu. Mwenye shamba anang'oa shina, anaona mzizi umejaa manundu, anasema: "Vinundu ninavyo tele, labda mbolea ndiyo haikutosha."

Mbolea anaisingizia. Chukua mzizi huohuo, uoshe kwenye ndoo, kisha tumia ukucha. Kinundu cha bakteria kimejishikiza ubavuni mwa mzizi kama kifungo cha shati. Ukikisukuma kinabanduka, na ukikipasua kikiwa bado kinafanya kazi, ndani utakuta rangi ya waridi au wekundu wa damu. Fundo la mnyoo halibanduki, kwa sababu ni mzizi wenyewe uliovimba; ukilazimisha, mzizi unakatika. (Tena chimba kwa jembe. Ukivuta kwa mkono, vinundu vyema hubaki ardhini.)

Mhusika ni mnyoo fundo. Anapoingia kwenye ncha ya mzizi bado ni mtoto, urefu wake karibu nusu milimita, huwezi kumwona kwa macho. Anatulia mahali pamoja, na mate yake yanazifanya seli za jirani zinenepe ziwe ghala lake. Jike naye hufura kama tunda la pea, hutaga mamia ya mayai ndani ya ute. Udongo ukiwa na joto, kizazi kizima hukamilika kwa mwezi hivi; kwenye baridi ya Makete hukawia, kwenye joto la bonde la Usangu hakuna wa kuwachelewesha. Huku nyuma mzizi uliojaa mafundo haupandishi maji vizuri, ndiyo maana soya inanyauka penye unyevu.

Ukiuliza mtandaoni, jibu la haraka ni "badilisha na mahindi", yaani msimu ujao panda mahindi badala ya soya. Mimi ushauri huo naupokea kwa tahadhari. Sehemu kubwa yake inatoka Marekani, ambako adui mkuu wa soya ni mnyoo wa jamii nyingine, yule wa vifuko, ambaye kwenye mahindi hana chakula. Minyoo fundo ni walaji wa kila kitu. Aina nyingi za mahindi huwalisha kimyakimya, bila mafundo makubwa ya kukushtua, na nyanya, viazi mviringo, karoti na maharage ni karamu kabisa.

Mmea ninaouamini zaidi tunao hukuhuku Kusini: marejea, ule ambao watawa Wabenediktini wa Peramiho waliuhimiza sana kwa kurutubisha shamba. Minyoo fundo hawazaliani vizuri kwenye mizizi yake, na ukiufukia unaacha mboji na naitrojeni. Karanga nazo mara nyingi huwapunguza. Dawa za minyoo zipo, ila ni kali, na kwa bei ya soya hesabu yake ni ngumu kukubali.

Ukishavuna, usiache mizizi ardhini. Ing'oe na uichome, kisha tifua udongo upigwe na jua la kiangazi.

Halafu kuna trekta la kukodi. Mnyoo mwenyewe kwa mwaka mzima hasogei hata mita chache, lakini tope lililoganda kwenye majembe ya trekta humvusha kutoka kwa jirani hadi kwako asubuhi moja. Mwombe dereva akwangue tope kabla hajaingia, na kipande chako chenye mafundo kilimwe mwisho.