Juisi Haichukui Nafasi ya Dawa: Maswali na Majibu Kuhusu Matunda

Haya ni maswali ambayo wagonjwa wa kisukari na presha hutuuliza kila mara kliniki, wao au ndugu zao. Mengi huulizwa wakati mtu ameshaacha dawa.

Matunda yana nini hasa?

Maji, sukari, nyuzinyuzi, vitamini na madini. Mafuta ni haba, isipokuwa kwenye parachichi, ambalo kila gramu 100 lina takriban gramu 15, na mengi yake ni ya aina inayofaa moyo. Embe na papai lililoiva vina ile rangi ya njano ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Kwa vitamini C, pera ni kati ya matunda yaliyo mbele: gramu 100 zina zaidi ya miligramu 200, wakati chungwa lina kama 50. Watu hulipita pera wakaenda kununua vidonge vya vitamini. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na wengi wetu hatufiki hapo.

Kama yana faida zote hizo, basi yanatibu?

Kuna ugonjwa ambao tunda huutibu kweli, nao ni kiseyeye. Mwaka 1747 daktari wa meli James Lind aliwapa mabaharia wenye fizi zinazooza machungwa na malimau, wakapata nafuu upesi. Waliugua kwa kukosa vitamini C, na tunda likawarudishia kile walichokosa.

Kisukari hakitokani na upungufu wa papai, wala presha haitokani na upungufu wa ndizi. Kwa hiyo jibu ni hapana. Tunda lina nafasi yake kwenye sahani ya mgonjwa, lakini haliondoi kidonge wala sindano.

Nilikunywa juisi wiki mbili, presha ikashuka. Sasa niache vidonge?

Hapana. Ulikuwa unakunywa vidonge pia, sivyo? Presha ilishuka kwa sababu ya vidonge hivyo. Ni kweli kwamba matunda yenye potasiamu, pamoja na kupunguza chumvi, husaidia kushusha presha kiasi. Lakini presha haiumi. Inaweza kupanda sana nawe unajiona mzima, mpaka siku mdomo unapopinda na mkono mmoja unakataa kuinuka. Hicho ni kiharusi, na hapo kila dakika ina thamani. Tunawapokea watu ambao ndugu zao wamepoteza saa nzima wakiwakamulia ndimu.

Usiache. Ukiona dawa ni nyingi au zinakuchosha, mwambie anayekutibu abadilishe. Hilo linawezekana, na hatukasiriki ukituambia.

Na mwenye kisukari, ale matunda au asile?

Ale. Wapo wanaokatazwa kabisa, na huko ni kuwaonea. Tunda zima lina nyuzinyuzi zinazochelewesha sukari kuingia kwenye damu. Kipande cha papai, pera moja au nusu ya embe la wastani havina ubaya, mradi visiliwe vyote kwa mkupuo mmoja.

Tatizo ni juisi. Maembe mawili makubwa yaliyosagwa kwenye blenda yanaweza kuwa na zaidi ya gramu 50 za sukari, nawe utayamaliza kwa dakika tatu. Ukiyachuja, nyuzinyuzi nazo umezitupa. "Lakini sikuongeza sukari." Sawa, hukuongeza, ila iliyomo ndani ya tunda inatosha kukupandishia sukari. Shirika la Afya Duniani huihesabu sukari ya juisi kundi moja na ile ya kuongeza kwa kijiko.

Kuna wakati mmoja tu ambapo mgonjwa wa kisukari tunamsihi anywe juisi: sukari inaposhuka. Akitetemeka, akatoka jasho jembamba, akaanza kuchanganyikiwa, na bado anaweza kumeza, apewe nusu glasi ya juisi tamu mara moja. Aliyezimia asiwekewe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali.

Mtoto wangu yuko kwenye insulini. Tumeambiwa majani na matunda fulani yatamtoa kwenye sindano.

Hapana. Na tena, hapana. Mtoto wa namna hiyo mwili wake hautengenezi insulini, na hakuna tunda lenye insulini. Akikosa sindano, mwili huanza kuunguza mafuta na damu inajaa asidi. Kwanza ana kiu na kukojoa kusikoisha, halafu tumbo linauma, anatapika, anapumua kwa nguvu na kwa kasi. Pumzi yake hunukia kama tunda lililoiva kupita kiasi. Wapo wazazi walioisikia harufu hiyo wakadhani ni ile juisi inafanya kazi. Huyo anahitaji hospitali sasa hivi, si kesho asubuhi.

Aliyekuahidi kumtoa mtoto kwenye sindano hatakuwepo usiku huo.

Stafeli linatibu saratani?

Halijathibitishwa kumponya binadamu yeyote saratani. Dondoo zake zimeua seli za saratani kwenye vyombo vya maabara, jambo ambalo hata sabuni inaweza kulifanya. Kulila tunda mara mojamoja ni sawa. Lakini stafeli na majani yake vina kemikali iitwayo anonasini, inayodhuru seli za neva, na watafiti katika kisiwa cha Guadeloupe wameihusisha na ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa kwa watu wanaolitumia kwa wingi na kwa muda mrefu.

Kinachouma zaidi ni muda. Uvimbe wa titi ungeweza kutolewa ukiwa mdogo. Mtu anakunywa chai ya majani miezi sita, akija umeshasambaa.

Lakini tunda ni la asili. Litadhuru vipi?

Mabirimbi pia ni ya asili. Mwaka 2013 madaktari wa jimbo la Kerala, India, waliandika kuhusu wagonjwa 10 ambao figo zao zilifeli ghafla baada ya kunywa juisi yake nzito, wengi wao wakitafuta kushusha lehemu (kolesteroli). Saba walihitaji mashine ya kusafisha damu. Asidi ya tunda hilo hutengeneza chembe zinazoziba figo.

Balungi nalo huzuia mwili kuvunja baadhi ya dawa, zikiwemo simvastatini ya lehemu na baadhi ya vidonge vya presha, hivyo dawa inazidi kwenye damu. Ukipewa dawa mpya, uliza. Na mwenye figo mbovu asijimiminie madafu, ndizi na parachichi kwa sababu "vinaongeza nguvu": potasiamu ikijaa, moyo unaweza kusimama.

Mjamzito anaweza kula papai?

Lililoiva, ndiyo. Bichi lenye utomvu aliache.

Nimeshaacha dawa mwezi mzima. Naona aibu kurudi.

Rudi leo. Usijirudishie dozi nyumbani, na usimeze mbili kufidia zilizopita. Beba vidonge vilivyobaki pamoja na chochote ulichokuwa ukinywa, kiwe kwenye chupa au mfuko, tukione. Tutapima presha, sukari na figo, kisha tutajua pa kuanzia. Ukificha kwamba uliacha, tutadhani dawa imeshindwa na tutakuongezea nguvu ya dozi ambayo hukuihitaji.

Ukiwa na maumivu ya kifua, udhaifu wa upande mmoja, kupumua kwa shida au kutapika kusikokoma, usisubiri siku ya kliniki. Nenda dharura.