Tundu Dogo, Kidonda Kikubwa

Ijumaa iliyopita aliketi mbele yangu kijana anayepakia magunia ya dagaa pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, akanieleza mpango alioukamilisha bila mimi: afanyiwe operesheni ya kikwapa siku hiyohiyo, apumzike Jumamosi na Jumapili, na Jumatatu alfajiri awe kazini. "Si ni tundu dogo tu, dokta?" Swali hilo nimeshaulizwa na wauza mitumba, walimu, na hata muuguzi mmoja ambaye alipaswa kujua, na kwa kuwa subira yangu imekwisha, naliandikia jibu hapa ili niache kulirudia.

Yaliyo mepesi niyamalize kwanza. Jasho la kwapa halinuki linapotoka. Hunuka baada ya bakteria wa ngozini kuyavunjavunja yale yanayotolewa na tezi za apokrini, yaani tezi za jasho zilizojaa kwapani, ambazo huanza kazi mtu anapobalehe, na ndiyo maana wapo watu wanaooga mara tatu kwa siku na bado wananuka. Wanaouliza jasho litapita wapi likishazibiwa njia, nawajibu kwamba hakuna kinachozibwa, ni tezi hizo za apokrini tu zinazopunguzwa, na kwamba mwili una mamilioni ya tezi nyingine za jasho la kawaida.

Sasa turudi kwenye tundu. Zamani ngozi yote ya kwapa yenye vinyweleo ilikatwa ikatupwa, na kovu lililobaki liliweza kuuvuta mkono usinyooke vizuri, kwa hiyo sifa ya operesheni ya tundu dogo si ya bure. Hata hivyo, sentimita 1 au 2 ninazokata ni mlango tu. Baada ya kujaza kwapa maji ya chumvi yaliyochanganywa na lignokeini ya kutia ganzi na adrenalini ya kupunguza damu, napitisha mkasi kwenye mlango huo na kuibandua ngozi kutoka kwenye mafuta, upana wa kiganja kizima, kila upande. Anayeona mshono wa nyuzi mbili tatu anadhani amechanjwa, kumbe chini yake kuna kidonda kinacholingana na kiganja chake, ambacho tofauti yake na kidonda cha wazi ni kwamba hakionekani, wala mimi mwenyewe sikioni chote.

Ngozi ikishabanduka, naipindua juu ya kidole changu, upande wa ndani ukatazama juu, na hapo tezi zinaonekana: chembe za njano iliyoingiwa na wekundu, zimeshikana kama mayai ya samaki. Nazipunguza kwa mkasi, na kule mkasi usikofika napitisha mrija wa kukwangua na kunyonya. Nikiacha nyingi, harufu inarudi; nikizidisha, naharibu mishipa midogo ya damu inayoilisha ngozi hiyohiyo, nayo inageuka nyeusi na kufa. Kati ya mawili hayo hakuna kipimo. Vitabu husema endelea mpaka ngozi iwe nyembamba na mizizi ya vinyweleo ionekane, lakini havisemi nyembamba kiasi gani kwa mtu huyu aliyelala mezani sasa, na nakiri kwamba vidole vyangu ndivyo vinavyoamua, na si mara zote vimeamua sawasawa. Harufu inaporudi baada ya miezi kadhaa, siwezi kusema kwa yakini ni tezi nilizoziacha pembezoni au nilizozipunguza nusunusu.

Kinachonikera zaidi ni dharau ya bandeji. Ngozi iliyobanduliwa inapaswa kushikwa ilalie mafuta bila kusogea hadi ipate damu upya, ndiyo maana nafunga furushi la kitambaa cha gozi (shashi) kwapani kwa siku kadhaa na kukataza kunyanyua kiwiko juu ya bega kwa takriban wiki 2. Mgonjwa wangu mmoja alilegeza bandeji siku ya pili kwa sababu ilimbana, akapandisha ndoo ya maji kichwani, na jioni akarudi kwapa limevimba kama chungwa. Damu ilikuwa imevilia chini ya ngozi. Nilifungua tundu lile dogo analolisifu, nikaikamua, lakini kipande cha ngozi kilikuwa kimeshakufa, na kidonda cha siku 10 kikawa cha wiki 6.

Wapo pia ninaowarudisha nyumbani. Mtu akilalamika kunuka na hakuna mwingine anayesikia harufu hiyo, kisu hakimhusu, kwa sababu atarudi analalamika vilevile akiwa na kovu juu yake. Wenzetu Wajapani huchungulia pia nta ya masikio, kwa kuwa jeni ABCC11, ambayo mwaka 2006 ilionyeshwa kuwa ndiyo huamua nta iwe mbichi au kavu, inahusika pia na harufu ya kwapa, ambayo huandamana na nta mbichi. Hapa kwetu kipimo hicho hakinisaidii chochote: karibu kila sikio lina nta mbichi.

Kijana wa Mwaloni alinisikiliza hadi mwisho, akauliza kama tunaweza kufanya kwapa moja ili abebe kwa bega la pili. Nilikataa. Tukafungua kalenda, tukapanga tarehe kwa kufuata mwezi, maana dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikishamiri mitumbwi hupumzika na magunia hupungua. Hiyo inampa wiki ya kwanza. Ya pili alisema atamwachia mdogo wake.