Ghorofa ya juu nani atapanda?

Mwezi uliopita mzee mmoja aliniita nimthaminie kiwanja chake Mafiati, hapa Mbeya. Alikuwa na ramani iliyokunjwa mpaka ikachanika kwenye mikunjo: ghorofa tatu, fremu 64, na juu kabisa neno MALL kwa herufi nyekundu. "Mwanangu, nipigie hesabu. Fremu za barabarani hapa unajua zinavyokwenda."

Ninajua. Shida ni kwamba alichukua kodi ya fremu ya barabarani akaizidisha mara 64.

Nikamwomba twende kwanza Mwanjelwa. Tulikaa kwenye benchi la fundi viatu, mkabala na ngazi za jengo fulani. Kwa saa nzima, chini watu walipigana vikumbo. Waliopanda walikuwa tisa, mlinzi akiwemo. Mama mmoja alifika ngazi ya nne, akatazama juu, akamweka sawa mtoto mgongoni, akashuka zake. Kule juu makufuli yameota vumbi.

Mall si fremu nyingi chini ya paa moja. Ni mpango wa kuzungusha miguu ya watu. Mall ya Southdale Center, iliyofunguliwa 1956 huko Edina, Minnesota, ilichorwa na Victor Gruen, msanifu mzaliwa wa Vienna. Aliweka maduka makubwa mawili, na madogo yakaishi kwa wapita njia. Mpangaji mkubwa kwa kawaida hulipa kodi ndogo kwa mita ya mraba kwa sababu yeye ndiye mwenye wateja. Faida ya mwenye jengo hutoka kwa wadogo. Na lile suala la ngazi Gruen alilitatua kwa maegesho: aliyafanya ya viwango viwili, mtu akishuka kwenye gari anaingia moja kwa moja, ama chini ama juu. Ghorofa ya juu nayo ikawa na barabara yake.

Halafu Wamarekani wakajenga kupita kiasi. Sehemu ya sababu inatuhusu sisi watu wa hesabu: sheria ya kodi ya serikali ya 1954 iliruhusu uchakavu wa jengo jipya ukatwe haraka kwenye mapato yanayotozwa kodi katika miaka ya mwanzo, hivyo kujenga kukalipa hata pale ambapo wateja hawakuhitaji duka jingine. Maduka makubwa kama Sears yalipoyumba, wadogo waliokuwa na kipengele cha kuwaruhusu kwenye mkataba wakadai kupunguziwa kodi ya pango au wakahama. Randall Park Mall ya Ohio ilifunguliwa 1976, ikafungwa 2009, ikaanza kubomolewa 2014. Jengo likishafika hapo, kiwanja kitupu kina thamani kuliko kiwanja chenye jengo, maana mnunuzi anatoa kwanza gharama ya kubomoa. Pale sasa pana ghala la Amazon.

Kwetu Tanzania supamaketi ya Shoprite iliondoka 2014, ikaiachia supamaketi ya Nakumatt maduka yake, na Nakumatt nayo ikaanguka. Mlimani City ya Dar ilipita humo yote na bado imesimama. Ina Chuo Kikuu ubavuni na benki ndani. Watu wana sababu ya kwenda hata siku wasiyonunua kitu.

"Kwa hiyo nisijenge?" mzee akauliza, sauti imeshuka.

Sikusema hivyo. Tulirudi Mafiati, nikamwonyesha mgongo wa kiwanja. Mbeya hii ni mteremko mtupu kutoka mlima Loleza, na nyuma ya ukuta wake kuna barabara ya mtaa inayopita karibu usawa wa ghorofa ya kwanza. Bajaji zinashusha watu pale kutwa. Mlango ukifunguliwa upande ule, ghorofa hiyo inakuwa "chini" kwa wanaotoka juu. Ghorofa ya pili nilimshauri aifute, au awape wenye ofisi, ambao wateja wao huja kwa miadi na watapanda.

Kati ya ukuta wake na barabara ile kuna kichochoro cha jirani, hatua sita nilizipima kwa miguu. Mzee alinipigia Jumanne. Jirani ameshasikia habari za mall, na kichochoro ambacho mwaka jana alikuwa anamwagia majivu sasa anakiita "eneo la kibiashara".